Unauza matairi ya baiskeli za mbio? Soma hii kabla hujaagiza mzigo

Leo tuongelee bidhaa ambayo wauzaji wengi wa mtandaoni wanaigusa bila kuijua vizuri: matairi ya baiskeli za mbio, zile ambazo mtaani tunaziita resa.

Soko lipo. Septemba 2025 Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Tour du Rwanda inakimbizwa kila mwaka. Chris Froome, aliyechukua Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi. Na asubuhi mapema kwenye barabara za kutoka mjini utawaona vijana wetu wamevaa helmeti wanapiga mazoezi. Kila mmoja wao anakula matairi. Fremu inakaa miaka kumi, tairi halikai hivyo. Kwa maana nyingine, huyu ni mteja anayerudi.

Tatizo ni hili: ukikosea tairi, hasara ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kwako: mzigo unarudi, nauli ya basi umelipa mara mbili, mteja kakuchafua kwenye grupu lao. Ya pili ni kubwa zaidi: mtu anashuka mlima na spidi ya kilomita 60 kwa saa, tairi linatoka kwenye rimu. Hapo hatuongelei tena hela. Kwa hiyo soma mpaka mwisho.

*1. NAMBA KWANZA, JINA BAADAYE*

Mteja akikuandikia "nataka tairi namba 28", usijibu bei. Hiyo "28" inaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Kwenye ubavu wa tairi kuna namba zimeandikwa hivi: 25-622. Hii ndiyo namba ya kuaminika. 25 ni upana kwa milimita, 622 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Hii ya pili haina mjadala: lazima ifanane na ya rimu, milimita kwa milimita. Zikariri hizi:

- 622: ndiyo inayoitwa 700C. Resa karibu zote za kisasa.
- 630: ndiyo 27 x 1 1/4. Resa za zamani, ambazo bado zinakuja kwenye mitumba.
- 635: ndiyo 28 x 1 1/2. Zile baiskeli nzito za kubebea mizigo, Phoenix na wenzake.
- 571: ndiyo 650C. Baadhi ya resa ndogo.
- 559: ndiyo inchi 26 ya baiskeli za milimani.

Umeona mtego? Kuna kampuni zinaandika "28" kwenye tairi la 622, na baiskeli ya mizigo nayo inaitwa "28", lakini ni 635. Tofauti ni milimita 13. Tairi la 622 halitaingia kwenye rimu ya 635 hata fundi atumie nguvu zote. La 635 ukiliweka kwenye rimu ya 622 litaingia kiulaini, mteja atafurahi, halafu litachomoka likijazwa upepo. Na "28" ya tatu ni upana wa milimita 28. Ndiyo maana hatujibu bei kabla ya kuona picha.

Sheria ya dukani iwe hii: *hakuna picha ya ubavu wa tairi la zamani, hakuna oda.* Na kwenye matangazo yako, piga picha ya namba hizo karibu, zisomeke. Hapo peke yake utapunguza maswali nusu nzima.

*2. MBIO AU MAZOEZI? NI BIDHAA MBILI*

Tairi la mbio limetengenezwa liwe jepesi, laini na linaloshika lami vizuri. Mpira wake juu ni mwembamba. Linateleza barabarani bila kula nguvu za mwendeshaji, lakini linaisha haraka na linakatika kirahisi.

Tairi la mazoezi lina mpira mnene zaidi, tabaka nene la kuzuia pancha, na mara nyingi ubavu umeimarishwa. Ni zito kidogo na linaonekana gumu ukilipanda, ila linakaa.

Mfano unaojulikana: kampuni ya Continental ya Ujerumani inatoa Grand Prix 5000 kwa wanaotaka spidi, na Gatorskin kwa wanaotaka kudumu. Vittoria wana Corsa kwa mbio na Rubino Pro kwa mazoezi. Ukimuuzia Corsa kijana anayepita kila siku pembeni ya barabara kuu, penye vioo na vile viwaya vidogo vinavyobaki matairi ya malori yakipasuka, atakulaani baada ya wiki mbili. Na ukimuuzia Gatorskin mtu anayejiandaa kwa shindano Jumapili, atakuambia baiskeli imekuwa nzito.

Mteja mwenye uwezo mshauri awe na seti mbili. Mwenye hela ya seti moja mshauri achukue la mazoezi, kwa sababu siku za mazoezi ni nyingi kuliko siku za mbio.

*3. NINI KINAFANYA TAIRI LIDUMU*

Hapa ndipo wauzaji wengi wanaposoma maandishi ya kwenye boksi bila kuelewa. Vitu vinne vya kuangalia:

*Mpira wa juu.* Mgumu unadumu, laini unashika. Mpira mgumu sana una udhaifu wake: lami ikiwa imelowa, unateleza. Mwambie mteja ukweli huu mapema, hasa msimu wa mvua.

*Tabaka la kuzuia pancha.* Ni kitambaa kigumu kilichofichwa chini ya mpira. Kwenye mengine kinafunika sehemu ya katikati tu, kwenye mengine kinapanda mpaka ubavuni. Kwa barabara zenye kingo za mawe, ubavu ulioimarishwa una maana kubwa, kwa sababu ubavu ukichanika hakuna kiraka cha kudumu, ni kutupa.

*TPI.* Hii ni idadi ya nyuzi kwa kila inchi. Nyuzi nyingi maana yake ni nyembamba, tairi linakuwa laini na jepesi. Nyuzi chache maana yake ni nene, tairi linakuwa gumu na imara zaidi. Lakini angalia, kuna mtego hapa pia: Continental wanaandika 330 au 180 kwa sababu wanajumlisha tabaka tatu. 330 ni 110 mara tatu, 180 ni 60 mara tatu. Usilinganishe kichwa kichwa na kampuni inayohesabu tabaka moja.

*Ukingo.* Kuna tairi lenye waya wa chuma na kuna linalokunjika. La waya ni bei nafuu na zito kidogo. Linalokunjika ukingo wake ni wa nyuzi ngumu badala ya chuma. Kwa wewe unayetuma mizigo mikoani, linalokunjika lina faida ya pili: linaingia kwenye bahasha kubwa, bodaboda anabeba kumi bila shida. La waya usilikunje kwa nguvu ili liingie kwenye boksi, waya ukipinda halikai vizuri tena.

*4. UPANA NA UPEPO*

Zamani resa zote zilikuwa milimita 23 na upepo wa kupasua. Siku hizi hata wakimbiaji wakubwa wamehamia 25, 28 na zaidi. Sababu ni kwamba tairi pana kidogo linahitaji upepo mdogo, linameza mashimo na viraka vya lami badala ya kurusha baiskeli juu, na mwendeshaji hachoki haraka. Kwa barabara zetu, 28 ni chaguo zuri kwa mazoezi kama baiskeli inaruhusu.

Na hapo kwenye "inaruhusu" ndipo pa kuuliza. Resa nyingi za breki za rimu hazina nafasi. Muulize mteja: kati ya tairi la sasa na fremu, na chini ya breki, panapita nini? Akuoneshe kwa picha. Kama hata kidole cha mtoto hakipiti, usimuuzie pana zaidi.

Kuhusu upepo, namba iliyoandikwa ubavuni ni kikomo, sio maelekezo. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la 25 lenye tyubu anaweza kuanzia psi 80 hadi 90, kwenye 28 psi 65 hadi 75, halafu arekebishe mwenyewe kidogo kidogo. Upepo mdogo sana nao ni hatari: akigonga shimo, tyubu inabanwa na rimu na inatoboka matobo mawili yaliyokaa sambamba. Mteja akikutumia picha ya matobo hayo akilalamika "tairi lako bovu", sasa unajua la kumjibu.

*5. TYUBU AU TYUBLESI?*

Tairi la tyublesi halina mpira wa ndani, linatumia dawa ya maji inayoziba matobo madogo yenyewe. Kwa pancha za miiba midogo ni zuri sana. Ila linahitaji rimu yake, tepu ya rimu, vali yake na dawa ya kuongeza kila baada ya miezi michache. Kama mteja hana rimu ya tyublesi, usimpeleke huko.

Halafu kuna rimu mpya ambazo kingo zake hazina ndoano ya kushika tairi. Hizi hazichezewi. Zinataka tairi lililoidhinishwa na kampuni kwa rimu hizo, na upepo usizidi bar 5, yaani kama psi 72. Huna uhakika? Mwambie mteja asome maandishi ya kwenye rimu kabla hujapokea hela yake.

Kama anatumia tyubu, hiyo ni oda ya pili hiyo hiyo siku. Muulize aina ya vali, ile nyembamba ya Presta au ile nene kama ya gari, na kama rimu zake ni ndefu muuzie vali ya milimita 60 au 80. Wengi wanasahau, na vali fupi haitokezi nje.

*6. UKIWA UNANUNUA MZIGO*

Beba mzani mdogo wa jikoni. Kampuni kubwa zinatangaza uzito wa kila tairi. Kama lile ulilopewa limezidi kwa gramu nyingi kuliko uzito uliotangazwa, jiulize maswali. Angalia maandishi: feki mara nyingi yana herufi zilizopinda au jina limekosewa kidogo. Bei ikiwa nusu ya bei ya kila mtu, usiseme umebahatika.

Angalia pia stoku ya zamani. Kunja ubavu kidogo: ukiona mipasuko midogo midogo kama ardhi ya kiangazi, mpira umezeeka hata kama tairi halijawahi kutumika. Na wewe mwenyewe usianike mzigo juani kwenye kioo cha duka. Weka pakavu, penye giza, mbali na mafuta na mbali na mota za umeme.

*7. UZA KILOMITA, USIUZE BEI*

Mteja akisema "mbona ghali?", mfanyie hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako:

Tairi A, shilingi 150,000, linakwenda kilomita 3,000. Ni shilingi 50 kwa kilomita.
Tairi B, shilingi 110,000, linakwenda kilomita 6,000. Ni kama shilingi 18 kwa kilomita.

Anayepiga kilomita 200 kwa wiki, A linamfikisha wiki 15, B wiki 30. Mtu akiona hivyo, anachagua mwenyewe na haombi punguzo tena. Na wewe sasa unajua wiki gani umtumie meseji.

*8. BAADA YA KUUZA*

Tuma ujumbe mfupi pamoja na mzigo. Unaweza kukopi huu:

"Asante kwa kununua. Angalia mshale wa mwelekeo ubavuni kabla ya kufunga. Kagua upepo kila kabla ya safari. Ukirudi, toa vioo na miiba iliyoganda juu ya tairi. Tairi la nyuma litaisha kabla ya la mbele: likiisha, hamisha la mbele liende nyuma, jipya lifunge mbele. Ukiona nyuzi, au limekuwa bapa katikati, badilisha."

Hapo kwenye jipya kukaa mbele wengi wanabisha. Sababu ni hii: tairi la nyuma likipasuka, mtu bado ana nafasi ya kusimama. La mbele likipasuka akiwa kwenye kona, anaanguka. Lililo zima ndilo likae mbele. Na Grand Prix 5000 lina vitobo viwili vidogo juu ya mpira wake: vikifutika, limeisha.

*MASWALI MATANO YA KUWEKA KWENYE SIMU YAKO*

1. Naomba picha ya namba za ubavuni kwenye tairi la sasa.
2. Ni kwa mbio au mazoezi, na barabara zako zikoje?
3. Una uzito gani?
4. Breki ni za rimu au diski, na nafasi kwenye fremu ikoje?
5. Unatumia tyubu au tyublesi? Vali gani?

Ukijibiwa hayo matano, ndipo utaje bei. Muuzaji anayeuliza anaonekana fundi, na fundi harudishiwi mzigo.

Kama una rafiki anayeuza vifaa vya baiskeli mtumie hii. Biashara njema!