Kima Aliyefungiwa na Bahari

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni jamvini, wajukuu zangu. Leo siwasimulii habari za sungura wala fisi. Nawasimulia habari za kima punju, na hadithi yake ni ya kweli.

Hapa hapa Mbweni, enzi za Sultani Sayyid Barghash, balozi wa Uingereza John Kirk alikuwa na nyumba na bustani ya miti aliyoikusanya kutoka nchi mbali mbali. Kabla ya hapo, mwaka 1868, mtaalamu mmoja wa London, John Edward Gray, alipomwandika kima huyu mwekundu wa Unguja katika sayansi, alimpa jina la Kirk. Sisi tulikuwa tunamjua mnyama huyo tangu zamani, lakini ndivyo wataalamu wa huko walivyokuwa wakifanya.

Kilitokea nini hata kima huyo akawa wetu peke yetu? Zamani sana, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu, na bahari ikashuka kwa zaidi ya mita 100. Mkondo ulio baina yetu na Bagamoyo si wa kina kirefu, kwa hiyo palikuwa nchi kavu, na wanyama walipita kwa miguu. Barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, na kiasi cha miaka 10,000 iliyopita Unguja ikawa kisiwa. Waliokuwa huku wakabaki huku. Pemba ni habari nyengine: mkondo wake una kina cha mamia ya mita na imekaa peke yake muda mrefu zaidi, ndiyo maana ina popo wake na bundi wake.

Sasa mchukueni chui wa Unguja. Baada ya Unguja kuwa kisiwa, huku hakukubaki nyati wala pundamilia. Windo lake lilikuwa paa na wanyama wengine wadogo. Inavyodhaniwa, chui mwenye mwili mkubwa alilala na njaa, mdogo akashiba, na aliyeshiba ndiye aliyepata watoto. Watoto wakarithi udogo. Hakuna chui aliyekaa akaamua kujipunguza! Kizazi baada ya kizazi chui wetu akawa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake yakawa madogo, yamesongamana.

Lakini watu walimwogopa, wakasema anafugwa na wachawi, wakamwinda. Leo wataalamu wengi wanaamini ametoweka. Bara chui wapo bado, ila hawawezi kuvuka kuja kuziba pengo, na hata wangeletwa kwa boti, wasingekuwa yule. Mnyama wa kisiwani akiisha, hana ndugu wa kumrithi.

Turudi kwa kima punju. Mgongo mwekundu, mabega meusi, tumbo jeupe, nywele nyeupe zimemzunguka uso kama mzee aliyesahau kinyozi. Dole gumba hana, ila kijinundu tu. Tumbo lake lina vyumba, humo majani huchachuka polepole, kwa hiyo tunda bivu lenye sukari nyingi humsumbua. Mwembe na mkungu ina majani yenye kemikali zinazomdhuru, naye amejifunza dawa: huokota makaa mashambani, akayatafuna. Watoto huiga mama zao. Mimi hilo ndilo linalonistaajabisha kuliko rangi zake zote.

Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata kima punju wasiofika 6,000. Mwaka 1974 wachache walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, lakini hawakuongezeka sana. Kwa hiyo tegemeo ni Unguja, hasa Jozani na Ghuba ya Chwaka, palipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Barabara inapita humo, na zamani magari yaliwagonga mara kwa mara mpaka yakawekwa matuta. Mkiona dereva wa daladala ananung'unika kwa matuta yale, mwambieni yanaokoa roho.

Na popo wa Pemba? Waliwindwa kwa kitoweo mpaka wakapungua sana. Vijiji kama Kidike vikaamua kuwalinda kwenye miti yao, na baadaye walipohesabiwa walizidi 20,000. Kwa hiyo si kila hadithi ya kisiwa inaishia kama ya chui.

Tatizo gumu zaidi liko kwa wakulima wa pembeni mwa Jozani. Kima hawajui mpaka wa hifadhi. Wanaingia mashambani, wanachuma vidaka vya minazi, na mwenye shamba anakasirika, naye ana haki ya kukasirika. Basi watafiti wakaenda kuhesabu nazi katika minazi inayotembelewa na kima. Hawakukuta mavuno yamepungua. Mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kukuza, na vingi vingeanguka vyenyewe. Bado, mkulima aliyepoteza muhogo au maharage hapozwi na hesabu ya nazi. Ndiyo maana sehemu ya fedha za wageni wanaoingia Jozani hupelekwa kwa vijiji vinavyopakana na msitu.