Historia Kuu ya Afrika

Historia Kuu ya Afrika ni kazi ya juzuu nane iliyoandaliwa chini ya UNESCO, yaani Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni. Mradi wake ulianza mwaka 1964. Juzuu hizo zinaeleza historia ya bara lote pamoja na visiwa vyake, tangu asili ya binadamu hadi karne ya 20. Kwa Kiingereza zilitolewa kati ya mwaka 1981 na 1993.

Kila juzuu ilikuwa na mhariri Mwafrika, na theluthi mbili ya wajumbe 39 wa kamati iliyosimamia kazi hiyo walikuwa Waafrika. Kabla ya hapo vitabu vingi vikubwa kuhusu historia ya bara hili viliandikwa na watu wa nje, mara nyingi kwa kutegemea nyaraka za wageni peke yake.

Hali kabla ya mradi

Katika karne ya 19 mwanafalsafa Mjerumani Hegel aliwafundisha wanafunzi wake kwamba Afrika iliyo kusini mwa Sahara haimo katika historia ya dunia. Wazo hilo lilidumu muda mrefu. Hata mwaka 1963, nchi nyingi za Kiafrika zilipokuwa zimeshapata uhuru, mwanahistoria Hugh Trevor-Roper wa Chuo Kikuu cha Oxford alidai kwamba historia iliyopo ni ile ya Wazungu katika Afrika tu, na kwamba sehemu iliyobaki ni giza.

Madai hayo yalitokana na sababu mbili. Ya kwanza ni imani kwamba pasipo maandishi hapana historia. Ya pili ni haja ya wakoloni kuhalalisha utawala wao: watu wasio na historia wangeweza kuambiwa kwamba wanaletewa ustaarabu kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kila kilipoonekana kitu kikubwa, kama vile kuta za mawe za Zimbabwe Kuu, alitafutwa mjenzi kutoka nje. Wanaakiolojia David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walionyesha kwamba kuta hizo ni kazi ya Waafrika, lakini walowezi wengi wa Rhodesia waliendelea kukataa matokeo hayo.

Shuleni hali ilikuwa hiyohiyo. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni alijifunza habari za wafalme wa Uingereza na safari za wavumbuzi wa Kizungu. Watu waliowaongoza, kuwalisha na kuwabebea mizigo wavumbuzi hao hawakutajwa kwa nadra tu, bali kwa kawaida hawakuwa na majina.

Kuanzishwa

Haja ya kuandika upya historia ya bara ilikwenda sambamba na harakati za umoja. Mwaka 1961 Rais Kwame Nkrumah wa Ghana alimkaribisha Accra msomi Mmarekani mweusi W.E.B. Du Bois ili aongoze kazi ya kuandaa kamusi elezo ya Afrika. Du Bois alifariki huko mwaka 1963 kabla ya kuikamilisha. Mwaka huohuo, tarehe 25 Mei, Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliundwa mjini Addis Ababa.

Mwaka 1964 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulikubali kuanzisha mradi wa historia ya Afrika. Kazi ilipitia hatua zifuatazo:

- 1965–1969: kukusanya vyanzo. Masimulizi ya wazee yalirekodiwa, vituo vya kuhifadhi masimulizi vikaanzishwa, na miswada ya Kiarabu na ya lugha za Kiafrika zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ikatafutwa.
- 1969–1971: kupanga kazi. Wataalamu walikutana Paris mwaka 1969 na Addis Ababa mwaka 1970.
- Kuanzia 1971: kuandika na kuhariri chini ya Kamati ya Kimataifa ya Kisayansi.

Uamuzi mmoja wa mapema ulikuwa na uzito wa pekee: bara litazamwe kama kitu kimoja. Mipaka iliyochorwa na wakoloni haikutumiwa kugawa sura za nyakati zilizotangulia ukoloni. Vilevile Sahara haikuchukuliwa kuwa ukuta unaotenga kaskazini na kusini. Ilielezwa kama njia ambayo kwa karne nyingi ilipitisha dhahabu, chumvi, vitabu, dini na pia watumwa.

Mtu aliyeupa mradi nguvu kubwa ni Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO kuanzia 1974 hadi 1987.

Juzuu na wahariri

- Juzuu ya I: mbinu za utafiti na historia ya kale kabisa. Mhariri Joseph Ki-Zerbo (Burkina Faso), 1981.
- Juzuu ya II: ustaarabu wa kale. Mhariri Gamal Mokhtar (Misri), 1981.
- Juzuu ya III: karne ya 7 hadi ya 11. Mhariri Mohammed El Fasi (Moroko), 1988.
- Juzuu ya IV: karne ya 12 hadi ya 16. Mhariri Djibril Tamsir Niane (Guinea), 1984.
- Juzuu ya V: karne ya 16 hadi ya 18. Mhariri Bethwell Allan Ogot (Kenya), 1992.
- Juzuu ya VI: karne ya 19 hadi miaka ya 1880. Mhariri J.F. Ade Ajayi (Nigeria), 1989.
- Juzuu ya VII: utawala wa kikoloni, 1880–1935. Mhariri Albert Adu Boahen (Ghana), 1985.
- Juzuu ya VIII: Afrika tangu 1935. Mhariri Ali Mazrui (Kenya), akisaidiwa na Christophe Wondji (Côte d'Ivoire), 1993.

Miaka iliyotajwa ni ya matoleo ya Kiingereza. Kama inavyoonekana, juzuu hazikutoka kwa kufuatana, kwa kuwa kila moja ilikuwa na waandishi wengi kutoka nchi mbalimbali.

Vyanzo vya historia

Juzuu ya I inahusu swali ambalo kila mwanafunzi wa historia hana budi kuliuliza: tunajuaje? Ki-Zerbo na wenzake walijibu kwamba historia ya Afrika ina vyanzo vitatu vikuu, yaani maandishi, akiolojia na masimulizi ya mdomo. Isimu, yaani elimu ya lugha, huongezwa juu ya hivyo, kwa sababu maneno ya lugha huhifadhi habari za mazao, mifugo na uhamaji wa watu.

Masimulizi ndiyo yaliyoleta ubishi mkubwa zaidi. Ogot alikuwa ameshayatumia katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu Wajaluo. Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyeandika sura moja ya Juzuu ya I, anakumbukwa kwa kuitahadharisha UNESCO mwaka 1960 kwamba kifo cha mzee wa Kiafrika ni sawa na maktaba iliyoteketea. Lakini waandishi hawakusema kwamba kila analosimulia mzee ni kweli. Masimulizi hukaguliwa kama nyaraka: nani anasimulia, aliyapata kwa nani, yanamnufaisha nani, na je, yanalingana na ushahidi mwingine?

Tanzania ilitoa mfano mzuri wa kazi hiyo. Kati ya mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu vita ya Maji Maji ya 1905–1907. Nyaraka za Wajerumani zilikuwa zimeeleza vita hiyo kwa macho ya mtawala. Wazee walieleza kilimo cha kulazimishwa cha pamba, viboko, dawa ya maji na njaa iliyofuata. Miaka sitini ilikuwa imepita tangu vita ilipoisha. Utafiti huo ungechelewa kwa miaka ishirini tu, mashahidi karibu wote wangekuwa wamekwisha kufa.

Zanzibar nayo ikawa makao ya EACROTANAL, kituo cha Afrika Mashariki cha utafiti wa masimulizi na lugha za Kiafrika.

Mfano wa pwani ya Waswahili

Historia ya miji ya Waswahili inaonyesha jinsi simulizi linavyoweza kubadilika kadiri ushahidi unavyoongezeka.

Waandishi wa wakati wa ukoloni waliiona miji kama Kilwa, Lamu na Mombasa kuwa makoloni ya Waarabu na Waajemi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alizidi kuona mchango wa wageni kuwa mkubwa. Katika Historia Kuu ya Afrika, wasomi wa Afrika Mashariki wakiwemo Abdul Sheriff, Fidelis Masao, Henry Mutoro na Ahmed Idha Salim waliandika sura za pwani, na wakazi wa Kiafrika wakapewa nafasi yao katika uvuvi, kilimo, ufuaji chuma na biashara ya bahari.

Wakati huohuo ushahidi mpya ulipatikana. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba kuanzia mwaka 1980 na kukuta makazi ya karne ya 8. Nyumba za mwanzo zilikuwa za miti na udongo, na msikiti ulijengwa upya mara nyingi mahali palepale hadi ukawa wa mawe. Wanaisimu nao walionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Maneno mengi ya Kiarabu yaliingia baadaye.

Hata hivyo habari haikuishia hapo. Mwaka 2023 ulitolewa utafiti wa DNA ya mabaki ya watu 80, wengi wao wakiwa wa miji ya kale ya pwani. Wengi walikuwa na asili ya Kiafrika hasa kwa upande wa mama, na asili ya Asia, zaidi ya Uajemi, kwa upande wa baba, mchanganyiko ulioanza takriban mwaka 1000. Kwa hiyo masimulizi ya Washirazi, ambayo wasomi wengi waliyaona kuwa hadithi tu, yalikuwa na chembe ya ukweli. Wakoloni walikosea kuwaondoa Waafrika katika historia ya pwani, na anayewaondoa wageni hukosea vilevile.

Mjadala wa Kairo

Wahariri hawakuficha tofauti zao. Mfano unaojulikana zaidi ni kongamano la Kairo la tarehe 28 Januari hadi 3 Februari 1974, lililojadili asili ya wakazi wa Misri ya kale na usomaji wa maandishi ya Meroe. Cheikh Anta Diop wa Senegal na Théophile Obenga wa Kongo (Brazzaville) walitetea hoja kwamba Wamisri wa kale walikuwa Waafrika weusi, na kwamba lugha yao ina undugu na lugha nyingine za Afrika. Washiriki kadhaa hawakukubaliana nao.

Juzuu ya II ilichapisha sura ya Diop, ikaeleza kwamba si wataalamu wote walioafiki maoni yake, na ikaongeza muhtasari wa kongamano. Kwa njia hiyo msomaji anapewa hoja na mapingamizi pamoja. Umoja wa bara haukuwalazimisha wasomi wake kuwa na jibu moja.

Kuifikisha historia shuleni

Udhaifu mkubwa wa mradi ulikuwa usambazaji. Juzuu moja ina mamia ya kurasa na lugha yake ni ya kitaalamu. Ilifika kwenye maktaba za vyuo vikuu, lakini shule nyingi za sekondari hazikumudu bei yake. Matoleo mafupi yaliandaliwa, na kamati ilichagua Kiswahili na Kihausa kuwa lugha za kwanza za Kiafrika za kutafsiriwa. Hata hivyo jina la mradi huu halijulikani sana kwa wanafunzi. Mzee aliyetoa masimulizi kwa lugha yake mara nyingi hakuweza kusoma kitabu kilichotokana nayo, wala mjukuu wake hakukikuta darasani.

Mwaka 2009 UNESCO ilianzisha awamu ya pili yenye lengo la kuandaa maudhui ya pamoja kwa shule za Afrika, pamoja na miongozo ya walimu. Maandalizi ya juzuu za ziada, kuanzia ya IX, yalifuata, ili kuingiza utafiti mpya na historia ya watu wenye asili ya Afrika walioko nje ya bara. Juzuu nane za awali zinapatikana bure kwenye intaneti.

Brazil ilionyesha kwamba sheria inaweza kusaidia. Tangu mwaka 2003 sheria yake inazitaka shule kufundisha historia ya Afrika na ya Wabrazili wenye asili ya Afrika, na mwaka 2010 juzuu zote nane zilitolewa kwa Kireno.

Katika Afrika Mashariki nafasi ya Kiswahili imeongezeka. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika uliipitisha lugha hiyo kuwa lugha rasmi ya kazi. Nchini Tanzania, mitaala iliyoboreshwa ya mwaka 2023 ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili.

Njia iliyotumiwa na waandishi wa Historia Kuu ya Afrika haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kumhoji bibi au babu yake kuhusu jina la kijiji, mwaka wa njaa au shule ya kwanza ya eneo hilo, akaandika tarehe na jina la msimulizi, kisha akalinganisha na msimulizi wa pili na nyaraka zilizopo. Hivyo ndivyo kumbukumbu za Maji Maji zilivyookolewa.