Je, Wajua? Rupia ya Fedha Ilipigwa Wapi?

Je, wajua kwamba rupia ya fedha ya India isiyo na alama ya kiwanda nayo hutaja kwao? Kwa zile za Mfalme George V, ukikosa alama, ni ya Calcutta. Ya Bombay ina nukta moja iliyochomoza, ndogo kama mbegu ya mchicha, chini ya ua la yungiyungi upande wenye mwaka. Ishike sarafu kwenye mwanga wa ubavuni, uinamishe taratibu chini ya kioo cha kukuzia, uangalie kivuli cha nukta.

Ndiyo maana nakusihi usiisugue kwa jivu, mchanga wala dawa ya meno. Nukta ikilika, ya Bombay itapita kuwa ya Calcutta, na hakuna wa kuirudisha.

Je, wajua kwamba rupia za Malkia Victoria na za Edward VII zinadai macho makali zaidi? Hapo tafuta herufi B ya Bombay: kuna zilizochomoza, kuna zilizozama ndani ya nakshi.

Je, wajua kwamba si kila rupia iliyoandikwa 1862 ilipigwa mwaka huo? Mwaka uliachwa hivyohivyo hadi 1874 ulipoanza kubadilishwa. Za Bombay ziliongezewa vinukta, na wakusanyaji huvihesabu kimoja kimoja ili kukisia mwaka wenyewe. Kiwanda cha tatu, Madras, kilifungwa 1869.

Je, wajua kwamba mkonga mfupi uliiponza sarafu nzima? Kwenye rupia ya 1911, tembo aliyechorwa kwenye joho la George V alionekana kama nguruwe. Watu walichukizwa, nyingi zikarudishwa kuyeyushwa, na za 1912 zikatoka na tembo aliyechorwa upya. Ukiwa na ya 1911, usimpelekee sonara akuyeyushie bangili!

Uzito wa rupia: gramu 11.66. Fedha: sehemu 11 kati ya 12. Kipimo hicho kilidumu tangu 1835 hadi vita vya pili vya dunia, kisha kuanzia 1940 fedha ikapunguzwa hadi nusu. Kabla ya kutafuta herufi, weka sarafu kwenye mizani ya sonara uhakikishe uzito huo.

Je, wajua kwamba herufi L ni ya Lahore? Kiwanda hicho kilianza kazi 1943, vita vikiwa vimepamba moto, na baada ya 1947 kikawa cha Pakistan.

Na rupia za India zilivuka bahari. Zilitumika Mombasa na Unguja, na ndizo zilizotumika wakati reli ya Uganda ikijengwa. Wajerumani walipotoa rupia yao ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, waliipa uzito uleule, maana wafanyabiashara wa pwani walikwisha kuizoea. Kuanzia 1904 hizo nazo zina herufi: A ni Berlin, J ni Hamburg.

Je, wajua T ni wapi? Ni Tabora. Mwaka 1916, meli za Waingereza zikiwa zimeziba bahari, Wajerumani walipiga sarafu kwenye karakana ya reli mjini humo. Ya thamani kubwa ilikuwa ya rupia 15, ya dhahabu iliyochimbwa Sekenke, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake.