Kipima mwanga kipi ununue?

Anayetaka kununua kipima mwanga cha mkononi ajiulize kwanza: kitapima mwanga upi? Kipimo kilichomo ndani ya kamera hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na kwa kawaida hukichukulia kitu hicho kuwa cha kijivu. Shela nyeupe ikitawala picha, hutoka kama majivu; suti nyeusi ikitawala, hupauka. Uso mweusi mbele ya ukuta mweupe hugeuka kivuli kisicho macho wala pua.

Kifaa chenye kuba dogo jeupe hupima mwanga unaomwangukia mtu. Kiweke karibu na uso wake, kuba likielekea kamera. Hakijali nguo wala rangi ya ngozi.

Kwa sinema, chagua kinachosoma picha 24 au 25 kwa sekunde. Ukipata kikuukuu kisichotumia betri, kilinganishe kwanza na kizima. Seli za seleni huchoka kwa uzee.

Kamera ya dijiti huonyesha picha papo hapo, lakini juani kioo chake hudanganya. Na harusi hairudiwi kesho kwa ajili ya mpiga picha.