Simu ya Marehemu Ilipogoma Kuwaka

Usiku wa kuamkia siku ya tisa tangu tumzike ami yetu, simu yake ilikuwa juu ya kabati la sebuleni, nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, imechomekwa kwenye chaji kama alivyokuwa akiiweka mwenyewe alipokuwa hai. Hatukuizima, kwa kuwa watu walikuwa bado wakipiga kutoa pole. Kwa siku kadhaa ilikuwa ikileta ujumbe kwamba kuna sasisho jipya la mfumo wake, na usiku ule mmoja wa vijana wetu, kwa nia njema kabisa, akabonyeza mahali pa kukubali kisha akaenda kulala. Alfajiri tuliporudi kutoka msikitini tukaikuta inaonyesha nembo ya kampuni iliyoitengeneza, inazima, inaonyesha nembo tena, inazima tena. Iliendelea hivyo mpaka jua likachomoza.

Ingekuwa simu ya mmoja wetu, tungekasirika kwa siku mbili na kusahau. Lakini ami alikuwa mfanyabiashara wa vyakula vya jumla, na daftari lake la madeni liliharibiwa na mvua mwaka juzi, paa la duka lilipovuja. Tangu hapo alizoea kuandika kila anachokopesha na kila anachokopa ndani ya simu, na kurasa zilizosalimika za lile daftari alizipiga picha. Nakala nyingine hapakuwa nayo. Uhifadhi wa mtandaoni aliuzima kwa makusudi, akisema unamlia bando.

Msomaji anafahamu kwamba mali ya marehemu haigawanywi mpaka kwanza madeni yake yalipwe. Tena aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana deni. Ami aliandika. Tatizo letu ni kwamba alichokiandika kilikuwa ndani ya kioo kinachowaka na kuzima, na warithi watano, mjane akiwa mmoja wao, walikuwa wakingoja kujua nani anadai nini.

Asubuhi ile ile tukaipeleka kwa fundi. Aliitazama kwa muda usiozidi dakika moja, akasema ugonjwa huo anaujua, dawa yake ni kuiflashi, bei shilingi elfu kumi na tano, na ndani ya nusu saa itakuwa mkononi mwetu. Tukafurahi. Kijana wetu alikuwa amekwisha kutoa fedha mfukoni alipokumbuka kumpigia simu mjane, ambaye kwa sababu ya eda hakutoka. Mama akauliza jambo moja tu:

"Mwanangu, akiisha kuitengeneza, maandishi ya baba yenu yatakuwepo?"

Fundi, aliyekuwa akisikia, akajibu kwa adabu, "Mama, simu itakuwa kama mpya."

"Sikuuliza kama itakuwa mpya," akasema mama.

Tukarudi nyumbani na simu yetu mbovu. Fundi yule hatumlaumu. Watu tisa katika kumi wanaofika kwake wanataka simu iwake, naye anawauzia simu inayowaka. Mteja ndiye anayepaswa kusema, kabla ya bei na kabla ya bisibisi, kwamba anachokitafuta ni kilichomo ndani. Neno "kuflashi" nalo limebeba mambo mawili yasiyofanana: kuna kuuweka upya mfumo wa simu peke yake, na kuna kuuweka upya pamoja na kufuta kila kitu cha mwenye simu. Kwa fundi mwenye haraka ya pili ni rahisi zaidi, na mara nyingi ndiyo inayofanywa.

Tangu siku hiyo tumejifunza mengi ambayo tungependa tungeyajua mapema.

La kwanza ni kwamba simu iliyokwama baada ya sasisho kwa kawaida haijapoteza kitu. Mfumo unaoiendesha umewekwa sehemu moja ya kumbukumbu yake, na picha, ujumbe na maandishi ya mwenyewe sehemu nyingine. Sasisho hugusa ile ya kwanza. Linaweza kuharibika kwa sababu betri iliisha katikati, au nafasi ilikuwa finyu mno, au waliolitengeneza walikosea. Lakini chumba cha pili hubaki kimefungwa na vitu vyake vyote ndani, mpaka mtu akifute.

Na akikifuta, basi. Zamani fundi hodari aliweza kung'oa kumbukumbu ya simu na kuisoma kwa chombo kingine. Simu za Android zilizotoka kiwandani na toleo la 10 au la baadaye zinalazimika kuyafumba maandishi ya mwenyewe kwa ufunguo ambao simu yenyewe inao, ufunguo usiofunguka bila namba ya siri. Ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani, ufunguo huo unatupwa, na hapana fundi wa Tanga wala wa Dubai atakayeurudisha. Juu ya hayo, tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, Android ina kinga dhidi ya wezi: simu iliyofutwa bila kupitia mipangilio yake huuliza akaunti ya Google iliyokuwemo awali. Warithi wasioijua nywila ya marehemu hubaki na kipande cha kioo.

Kwa hiyo hatua za mwanzo ni za subira. Tuliitoa kwanza laini tukaiweka katika simu ndogo ya vitufe, na hapo tukapata nafuu ya kwanza, kwa sababu fedha za marehemu zilizokuwa katika laini hazikai ndani ya simu. Zinakaa kwa kampuni ya mtandao, na utaratibu wake wa mirathi ni mwingine. Kisha tukaiacha simu kwenye chaji ya uhakika, maana kuwaka na kuzima usiku kucha kulikuwa kumeikausha betri. Baadaye tukabonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti, tukavishikilia mpaka ikazima yenyewe na kuanza upya. Simu nyingi hupona hapo. Yetu haikupona.

Ilichofanya ni kutufikisha kwenye ukurasa mweusi wenye maandishi ya Kiingereza, na hapa tunamwomba msomaji awe mwangalifu sana. Ukurasa huo huitwa na mafundi "rikavari". Una orodha fupi ya maneno, mtu huteremka kwa kitufe cha sauti na kuchagua kwa kitufe cha kuwashia. Neno "Reboot system now" ni salama, linaiwasha simu upya tu. Katika baadhi ya simu lipo "Wipe cache partition", nalo hufuta mabaki ya muda ya mfumo, si mali ya mwenye simu. Lakini karibu yake, pengine mstari mmoja tu juu, lipo "Wipe data", na hilo ndilo lile la kiwandani. Kwa mwenye macho machovu, saa nne za usiku, mistari hiyo inafanana. Simu nyingine huandika kwamba imeshindwa kufungua mfumo, kisha huweka machaguo mawili peke yake, "Try again" na "Factory data reset". La kwanza lijaribiwe hata mara kumi. La pili lisiguswe. Mwenye iPhone naye akiiunganisha na kompyuta ikiwa katika hali hiyo ataulizwa kati ya "Update" na "Restore": la kwanza huuweka mfumo upya bila kufuta, la pili hufuta.

Kijana wetu aliyebonyeza sasisho hakula vizuri wiki nzima. Tulimwambia, na tunarudia hapa kwa faida ya vijana wengine, kwamba hakufanya kosa la ajabu. Kampuni kubwa kuliko zote zimewahi kuziua simu za wateja wao kwa njia hiyo hiyo. Septemba 2014 Apple ilitoa toleo la iOS 8.0.1, na simu mpya za iPhone 6 zikapoteza mtandao papo hapo. Kampuni ililiondoa toleo hilo siku hiyo hiyo. Oktoba 2023, baada ya Android 14, baadhi ya simu za Pixel za Google zilizokuwa na watumiaji zaidi ya mmoja zilifungiwa nje ya kumbukumbu zao, nyingine zikawa zinawaka na kuzima kama ya ami. Google ilikiri kasoro, na mwezi uliofuata ikatoa marekebisho. Aliyekuwa amekwisha kuifuta simu yake kwa papara, marekebisho yale hayakuwa na cha kumrudishia.

Mfano unaotugusa zaidi sisi tunaotegemea mafundi wa mitaani ni ule ulioitwa "Error 53". Watu waliokuwa wamebadilishiwa kitufe cha alama ya kidole na fundi wa nje waliposasisha iPhone zao, simu zilikufa kabisa, na kampuni ikawaambia kwamba hawana haki ya kutengenezewa kwa kuwa mgeni ameigusa. Februari 2016 Apple ikatoa toleo lililozifufua. Huko Australia mamlaka ya ushindani na walaji iliipeleka mahakamani, na mwaka 2018 mahakama ikaitoza faini ya dola milioni 9 za nchi hiyo, kwa kuwadanganya wateja wasiopungua 275 kuhusu haki zao. Hapa kwetu ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, nayo inamlinda mlaji. Lakini mlaji bila risiti ana kazi kubwa. Simu ikiwa bado ndani ya dhamana, irudishwe dukani kabla mtu mwingine hajaifungua.

Ya ami haikuwa na risiti. Siku ya nne tukaelekezwa kwa fundi mwingine, kijana mpole mwenye meza moja na kompyuta kuukuu. Kabla hajaishika aliuliza swali ambalo lilitufanya tutazamane: "Mna namba ya siri ya mwenye simu?" Akaeleza kwamba hata akifaulu, simu iliyowashwa upya haikubali alama ya kidole mpaka kwanza iandikiwe namba, na kidole chenyewe, akasema kwa upole, hakipo tena. Mjane alikuwa nayo. Ami alimpa mwaka aliokwenda kutibiwa Muhimbili, akamwambia asimpe mtu. Tulifikiri juu ya wanandoa wangapi tunaowajua ambao simu zao hazifunguliki ila kwa wao wenyewe, pamoja na yote yaliyomo ya haki za watu.

Fundi alichukua siku nzima. Alitafuta mfumo wa aina ile ile ya simu na toleo lile lile lililokuwa likiwekwa usiku ule, kwa maana toleo la nyuma lingekataliwa. Alituonyesha kwamba ndani ya kifurushi hicho mna faili mbili zenye majina yanayokaribiana sana. Moja huweka mfumo na kufuta vyote, nyingine huweka mfumo na kuviacha. Alizisoma majina kwa sauti mara mbili kabla ya kuchagua. Saa kumi na moja jioni nembo ilitokea, ikakaa muda mrefu kuliko ilivyowahi kukaa, kisha ukatokea ukurasa wa kuandika namba ya siri, na nyuma yake picha ya wajukuu wa ami wakiwa ufukweni. Alitutoza elfu arobaini. Tukamwona ametupunguzia.

Hatuandiki haya ili msomaji aogope masasisho. Mengi huja kuziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni hupitia, na simu yenye laini ya fedha haifai kuachwa wazi. Ila lisikubaliwe usiku wa msiba, wala betri ikiwa chini ya nusu, wala kumbukumbu ikiwa imejaa picha mpaka shingoni. Kungoja wiki moja baada ya sasisho kutoka hakumdhuru mtu, na katika wiki hiyo makosa makubwa huwa yamekwisha kuonekana kwa wengine. Na zaidi ya yote, pawepo nakala. Maandishi ya madeni hayachukui hata sehemu ndogo ya bando linaloliwa na video moja. Hata karatasi inatosha. Sisi sasa tunatumia karatasi.

Usiku ule tuliisoma simu tukiwa wawili, mbele ya mjane, tukafungua madeni peke yake. Mengine ya marehemu hayakutuhusu. Wanaodaiwa na ami walikuwa wengi kuliko tulivyodhani, na wanaomdai walikuwa watatu. Wawili tuliwajua, maana walijitokeza siku ya mazishi pale imamu alipouliza. Wa tatu alikuwa mama muuza maandazi wa mtaa wa pili, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akimwekea ami fedha za safari ya Hijja, kidogo kidogo, na kila kiasi kimeandikwa na tarehe yake. Jumla shilingi 1,850,000. Alikuwa amekuja msibani kila siku, akipika na kuosha vyombo, na hakusema neno.

Tulipompelekea alikaa kimya kwa muda. Kisha akatuambia kwamba alikuwa amekusudia kungoja mjane atoke eda ndipo amuulize. Alizihesabu mbele yetu mara mbili, akasema tuandikiane kwamba amezipokea, akaingia ndani kutafuta kalamu.