VUMBI LA PLASTIKI NDANI YA MWILI

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama wa nyumba, vumbi tunalijua. Anayetoboa mawe anajua kwamba vumbi linaloonekana si lile baya zaidi. Vumbi kubwa hushikwa na pua na koo. Lile jembamba, lisilofikia sehemu moja ya mia ya milimetri, hushuka mpaka ndani ya mapafu na kubaki humo. Leo tuseme juu ya vumbi lingine, lisilotoka katika jiwe.

Linatoka wapi?

Plastiki haiozi kama jani la mgomba. Jua huikausha, hupasuka, husagika. Sashe, bidoni, kamba na nguo za nailoni, mipira ya motokari, vyote hutoa chembe ndogo. Mwaka 2004 mtaalamu wa Uingereza, Richard Thompson, aliziandika kwa jina la mikroplastiki. Leo jina hilo hupewa chembe isiyofikia milimetri 5, na nyingi hazionekani kwa macho. Tunazimeza katika maji na chakula, tunazivuta pamoja na hewa.

Zinafika wapi?

Mwaka 2022, kule Uholanzi, wataalamu walipima damu ya watu 22. Kwa watu 17 walikuta plastiki. Mwaka 2024 waganga wa Italia walitoa habari ya wagonjwa 257 waliopasuliwa kuondolewa mafuta yaliyoziba mishipa ya shingo. Katika mafuta ya wagonjwa 150 mlikuwa na plastiki. Kwa muda wa karibu miaka 3, hatari ya kushikwa na moyo, kupooza au kufa ilikuwa mara 4 na nusu zaidi kwa hao kuliko kwa wengine.

Tuelewane vizuri: hesabu hiyo haihakikishi kwamba plastiki ndiyo iliyowaumiza. Lakini Marekani, katika miaka ya 1990, wafanyakazi wa kiwanda kilichokata nyuzi za nailoni walianza kukohoa na kukosa pumzi. Waganga waliona kwamba vumbi la nyuzi hizo limeharibu mapafu yao. Basi plastiki nyingi mapafuni ni hatari. Ile kidogo ya kila siku bado inachunguzwa.

Tufanye nini nyumbani?

– Usiwashe mbabula kwa sashe. Moshi wake una sumu, na mtoto aliye mgongoni mwa mama anauvuta.

– Usifunike bukari au wali wa moto kwa sashe. Joto hutoa chembe katika plastiki. Tumia kifuniko cha sufuria au jani la mgomba.

– Usiache chupa ya maji juani siku nyingi.

– Nyunyiza maji kabla ya kufagia, ili vumbi lisiruke.

Lakini mtu asitupe bidoni lake la maji safi akaenda kunywa maji ya mto. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019: katika maji, vijidudu vya kuhara ndivyo hatari kubwa kuliko plastiki. Bidoni safi lililofungwa ni bora kuliko ndoo iliyo wazi.

Na kazini?

Mtu asiseme: "Plastiki iko kila mahali, maski ni ya nini?" Vumbi la mawe lenye silika huleta silikozi, na silikozi haina dawa ya kuiponya. Juu ya hilo hakuna mashaka tena. Vaa maski yako na uifunge vizuri usoni. Toboa kwa maji. Oga na kubadili nguo mbele ya kurudi nyumbani, ili vumbi la mgodi lisifike kwenye kitanda cha watoto. Ukikohoa siku nyingi, usingoje: nenda ukapigwe picha ya kifua.

Mapafu ni mawili tu, na hakuna duka linaloyauza.