Msimnyang'anye Mama Ufagio



Miaka mitatu iliyopita tulimtoa mama yetu pwani tukamleta Nairobi, mtaa wa Donholm, aje akae nasi. Umri wake ulikuwa umepindukia miaka sabini na mitano. Huko alikotoka alizoea kuamka kabla ya alfajiri, akateka maji yake, akatawadha, akaswali, kisha akafagia uwanja. Nazi aliikuna mwenyewe juu ya mbuzi, na jioni alijitanda buibui lake akaenda kwa miguu kumjulia hali dada yake. Sisi tulipomtazama katika maisha hayo tulimwonea huruma. Tukasema: mama ametulea, sasa ni zamu yake kupumzika.

Basi Donholm tukampumzisha. Nyumba yetu iko ghorofa ya tatu, na huko chini matatu na pikipiki hazimwachii mwenda kwa miguu nafasi. Tukamkataza kushuka peke yake. Akishika ufagio, mkaza mwana humpokea. Akitaka chai, mjukuu humpelekea pale pale alipoketi. Akiinuka kwenda kuosha kikombe, nyumba nzima humwambia: keti, mama, keti. Majirani walitusifu, nasi tukajiona tumetimiza wema kwa mzazi.

Mwaka haukutimia. Siku moja, katika swala ya Magharibi, tulimsikia akituita kwa sauti ndogo kutoka kwenye msala wake. Alikuwa amesujudu na kuinuka hawezi. Hakuwa ameanguka wala hakuwa na homa. Magoti yalikataa tu. Tangu siku hiyo akawa anaswali juu ya kiti cha plastiki, na baada ya miezi michache hata msalani hakuweza kwenda bila kushikwa mkono. Usiku mmoja alimwambia mkaza mwana aliyekuwa akimsaidia: "Mwanangu, tangu nilipopata akili nimejisitiri mwenyewe. Leo yanibidi nikuombe wewe." Hakusema kwa kulalamika, lakini maneno hayo yalipotufikia, usingizi ulitukimbia.

Tulimpeleka kwa tabibu wa viungo. Alimpima, akamgeuza magoti, kisha akatuuliza mama hufanya kazi gani nyumbani. Tukajibu kwa fahari kwamba hafanyi lolote. Akasema kwa upole kuwa hilo ndilo lililomfikisha pale.

Alichotueleza ni jambo ambalo kila familia yapaswa kulijua. Misuli ya mwanadamu huanza kupungua taratibu tangu utu uzima, na kwa asiyeitumia hupungua kwa kasi zaidi. Mzee akilazwa kitandani siku chache tu, miguu yake hupoteza nguvu ambazo huchukua wiki nyingi kurudi. Paja lisilomwinua mtu kutoka kitini kwa miezi halitamwinua kutoka chooni, na mguu usiopanda ngazi husahau namna ya kujishika mtu anapojikwaa. Wazee wengi huanguka kwa sababu hii, na nyonga ikivunjika, mara nyingi mzee hairudii hali yake ya kwanza.

Twajua kuwa Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratur Rum kwamba Yeye hutuumba katika udhaifu, kisha hutupa nguvu, kisha baada ya nguvu huturudisha katika udhaifu na mvi. Hakuna anayelikwepa hilo. Lakini kuna udhaifu unaoletwa na umri, na kuna udhaifu unaoletwa na kukaa. Wa kwanza tunaupokea kwa subira. Wa pili tumeutengeneza wenyewe, nao una dawa hata kwa aliyekonga sana. Mwaka 1990 Dakta Maria Fiatarone na wenzake walitangaza matokeo ya kazi waliyoifanya katika makao ya wazee mjini Boston, Marekani. Waliwachukua wazee dhaifu wapatao kumi, wenye umri wa karibu miaka 90, wakawazoeza kunyanyua uzito kwa miguu kwa muda wa wiki nane. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa zaidi ya mara mbili, na wawili kati yao wakaiacha mikongojo yao.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa hapa Nairobi, upande wa Korogocho, kuna mabibi wa kikundi kinachojulikana kama Shosho Jikinge, ambao hujifunza kupiga ngumi na mateke ili wajihami dhidi ya waovu wanaowavamia vikongwe. Wapo waliopita miaka sabini. Hatusemi kila mama akajifunze ngumi. Twasema tu kwamba ikiwa mwili wa bibi wa Korogocho waweza kufunzwa hayo, basi mwili wa mama yetu waweza kufunzwa kuinuka kutoka kwenye msala.

Tabibu alitupa mazoezi mepesi. La kwanza, kuketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani na kusimama bila kusukuma kwa mikono, mara tano, kisha kupumzika na kurudia. La pili, kushika ukingo wa sinki la jikoni na kusimama kwa mguu mmoja, kisha wa pili. La tatu, kushuka na kupanda ngazi akishika reli, mtu akiwa karibu yake bila kumbeba. La nne, kutembea. Shirika la Afya Duniani linawashauri wazee watembee au wafanye kazi za kadiri kwa muda usiopungua dakika 150 kwa wiki, wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, na ya kujenga mizani ya mwili siku tatu. Mwenye maradhi ya moyo, kizunguzungu, au aliyevunjika karibuni, na amwone daktari kwanza.

Nasi tukarekebisha nyumba. Tulitia vishikio bafuni, tukaondoa busati lililokuwa likiteleza, tukaweka taa njiani kuelekea chooni. Kisha tukamrudishia ufagio wake. Siku za mwanzo ilituwia vigumu kukaa tukimtazama akifagia polepole, tukajihisi kama watoto wasio na adabu. Lakini yeye alikuwa akitabasamu.

Leo, alhamdulillah, mama huswali kwa kusimama na kurukuu. Kusujudu chini huweza siku nyingine, na siku nyingine hutumia kiti chake. Msalani huenda peke yake na kufunga mlango. Jumamosi asubuhi hushuka ghorofa zote tatu na mjukuu wake, wakaenda kununua mchicha, naye hubishana bei na muuzaji.

Katika swala za faradhi, asiyeweza kusimama huswali kwa kuketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Hiyo ni rehema, na mwenye udhuru asione haya. Lakini anayeweza kusimama hasimamishiwi na kiti. Tusiwakimbilizie wazee wetu viti kabla ya wakati wake. Kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka mara tano kwa siku ni ibada kwanza, na ndani yake mwili nao hupata fungu lake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake. Kifungu hicho hicho kinampa pia haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, na kuishi kwa heshima. Sisi tuliishika hiyo ya kutunza tukaziacha zile nyingine. Dini yetu imetukataza kumwambia mzazi hata neno dogo la kumchoka. Hatukumwambia. Lakini kila tulipompokonya kikombe mkononi, tulimfahamisha kuwa hafai tena kwa lolote.

Enyi wana, na enyi wakaza wana mnaobeba mzigo huu zaidi kuliko sisi wanaume: mzee akiinuka, msimharakishe kuketi. Muulizeni anataka kufanya nini, kisha simameni karibu yake.

Ewe Mola wetu, wape wazazi wetu afya na stara hadi mwisho wa umri wao, na utusamehe tulipowadhuru tukidhani tunawatendea mema. Amin.